Naomba ushauri: binti anaruka jozi za vigawo, nimfundisheje?

Mama_LaTano
Wakuu, habari za jioni. Binti yangu yuko darasa la tano, kuzidisha anajua vizuri. Shida inakuja akiambiwa aandike jozi zote za vigawo vya namba. Jana walipewa 84. Kaandika 2 × 42, karukia 7 × 12, karudi 4 × 21, kafunga daftari. Nikimuuliza amejuaje kama zimeisha, ananitazama tu. Na kweli, mtu anajuaje? Nisaidieni kabla hawajaingia kwenye KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na KDS (kigawe kidogo cha shirika).

Mwl_Hisabati
Dada, binti hesabu anaziweza, anachokosa ni mpangilio. Achore mstari katikati ya ukurasa, aanze na 1 kushoto na 84 kulia, kisha apande bila kuruka namba.

2: 84 ni shufwa, kulia 42.
3: 8 + 4 = 12, inagawanyika kwa 3, kulia 28.
4: kulia 21.
5: haiishii na 0 wala 5, hapana.
6: imekubali 2 na 3, basi na 6 inakubali, kulia 14.
7: kulia 12.
8 inabakiza, 9 pia.

Akifika 10 asimame, kwa sababu 10 × 10 ni 100, imeshapita 84. Namba mbili zikiwa zote 10 au zaidi, zao lake haliwezi kuwa 84. Kwa hiyo kila jozi lazima iwe na namba iliyo chini ya 10, na hizo zote ameshazipima. Tafadhali mwelewesha sababu hii, asiikariri tu.

FundiVigae
Mpe vizibo vya soda 36 apange mistatili: safu 1 ya 36, 2 za 18, 3 za 12, 4 za 9, halafu 6 za 6. Akiendelea na 9 za 4 ataona ni mstatili uleule umegeuzwa. Ule mraba wa 6 × 6 aushike vizuri: 6 inahesabiwa mara moja, ndiyo maana 36 ina vigawo 9.

Kipeuo
Wewe mama hakiki hivi: 84 = 2 × 2 × 3 × 7. Namba 2 imetokea mara mbili, 3 mara moja, 7 mara moja. Ongeza 1 kwenye kila idadi, uzidishe: 3 × 2 × 2 = 12. Vigawo 12, jozi 6. Mtoto usimpe hii kwa sasa.

Mama_LaTano
Asanteni sana. Mwalimu, tumejaribu 91. Imekataa 2, 3 na 5, binti anasema ni namba tasa. Ni kweli?

Mwl_Hisabati
Kasimama mapema. 10 × 10 imepita 91, kwa hiyo afike mpaka 9. Kwenye 7, aigawe 91 kuwa 70 na 21, zote zinagawanyika: 7 × 13. Mpe sasa 97. Hiyo 7 nayo itaikataa, na hapo akisema ni tasa, mpe vema.