MJADALA: Waimbaji wa jazz waache kurudia nyimbo za mapenzi za enzi za babu zao?

Kata Santuri (mwanzisha mada)
Wakuu, heshima kwenu. Kila mwimbaji wa jazz akishapata jina kidogo anatuletea albamu ile ile: nyimbo za mapenzi za Broadway na sinema za miaka ya 1930, fidla nyuma, gauni jeusi kwenye jalada. Tony Bennett na Lady Gaga walitoa Cheek to Cheek 2014, wakarudi 2021 na Love for Sale, nyimbo za mtunzi Cole Porter mtupu. Porter huyo huyo Ella Fitzgerald alishamrekodi 1956, na hadi 1964 akawa amepitia watunzi wengine, albamu nane kwa jumla, zile za "Song Book". Swali: kimebaki cha kuongeza, au ni uvivu wa kutunga?

Besi ya Kusimama
Uvivu? Piga hesabu kwanza. Wimbo wa taratibu wa baa 32, mapigo 60 kwa dakika. Unaimba wote mara moja, saksafoni inachukua nusu, unarudia kuanzia sehemu B, ile ya katikati inayobadilika, hadi mwisho. Hizo ni baa 64, dakika 4 na sekunde 16, na humo ndani huna pa kujificha. Ukishusha mwendo hadi 48 unafika 5:20, na mpiga ngoma mwenye brashi anaanza kusinzia. Albamu nyingi zinafia hapo: nyimbo 12, mwendo mmoja. Mtu haoni, anasema nyimbo zimezeeka.

Mtoto wa Sinza
Baa 32? Sinza peke yake zinazidi mkuu 😂

Besi ya Kusimama
Nilijua utakuja. Moja-mbili-tatu-nne, hiyo ndiyo baa. Nane za A, nane za A tena, nane za B, nane za A. Na si nyimbo zote: All the Things You Are ina 36, Night and Day ina 48.

Mtoto wa Sinza
48 kwa usiku na mchana, hapo kuna leseni kweli?

Bi Noti
Mwendo ni nusu ya tatizo, kaka Besi. Nusu nyingine ni ufunguo, yaani wimbo ukae juu au chini kiasi gani. Vitabu vya noti vinavyozunguka vimewekwa kwa ajili ya tarumbeta na saksafoni. Dada mwenye sauti nzito akifuata kitabu anaishia kupiga mayowe sehemu B, halafu tunaambiwa "ana hisia". Tafuta noti ya juu kuliko zote kwenye wimbo, uiweke mahali unapoweza kuitamka kwa kunong'ona. Mahali unapoweza kuifikia kwa kujikamua hapakufai. Mara nyingi wimbo unashuka hatua nne au tano za ngazi. Kisha karatasi za wapigaji ziandikwe upya! Ukimwachia mpiga piano ahamishe kichwani, Body and Soul itamzamisha, maana sehemu B ufunguo unapanda nusu toni, katikati yake unashuka toni nzima.
Na maiki iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni. Ukiisogelea zaidi besi ya sauti inavimba, kila P na B inapasuka kama puto.

Kata Santuri
Hayo ni ufundi, sikuuliza ufundi. Sisi tulikuwa na Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz. Jazz humo hamna hata nukta, lakini angalau walitunga vya kwao!

Mzee wa Volcano
Weka breki hapo hapo. "Hata nukta"? Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz unamweka kapu gani? Watu wanaweka tarumbeta na saksafoni juu ya magitaa, ukumbi umejaa, leo mtu wa santuri za Verve, kampuni ya Ella, anakuja kugawa vyeti. Dar es Salaam Jazz ilikuwepo kabla Ella hajaanza mambo ya vitabu vyake. OK Jazz ya Franco kule Kongo nayo 1957, utasema wamekosea jina?

Ng'ambo ya Mto
1956, mzee wangu. Na OK asili yake ni Oscar Kashama, mwenye baa walikokuwa wakipiga Léopoldville, Kinshasa ya leo.

Mtoto wa Sinza
NILISEMA. BAA.

Bi Noti
Mzee, shikamoo, lakini aliyeanzisha mada alikuwa anawasifia. Jina "jazz" kwetu lilimaanisha bendi ya dansi yenye mapulizo, basi. Tofauti iko kwenye mzunguko. Jazz wapigaji wanazunguka baa zile zile 32 za wimbo, kila mmoja anabuni sauti yake juu yake. Rumba mnamaliza beti, mnaziacha, mnaingia sebene: gitaa linakariri kipande kifupi na watu wanacheza. Kila kimoja kina ugumu wake.

Mzee wa Volcano
Marahaba. Ila kusifiwa kwa "hata nukta" sijawahi kusikia. Hii ndiyo shida ya waliosoma noti: akisikia gitaa la Mbaraka anatafuta karatasi.

Wakili wa Senti
Mnagombania jina mnasahau pesa. Marekani wimbo ukishatolewa kwenye rekodi kihalali, mwingine anaweza kuurekodi bila ridhaa ya mtunzi, mradi afuate taratibu na alipe kiwango cha sheria. Kuanzia 2006 hadi 2022 kilikuwa senti 9.1 kwa nakala. Ukivuka dakika 5 unahesabiwa senti 1.75 kwa dakika, na kipande cha dakika ni dakika nzima. Ile 5:20 ya Besi inakuwa dakika 6, senti 10.5. Kusinzia kwa mpiga ngoma kunalipiwa. Halafu nyimbo zilizochapishwa 1929 ziko huru huko, hazina tena hakimiliki, tangu Januari 1, 2025, ikiwemo What Is This Thing Called Love? ya Porter. Huru ni wimbo. Rekodi ya mtu ina haki zake.

Kata Santuri
Ahaa! Kwa hiyo ni bei rahisi, nilichosema mimi.

Besi ya Kusimama
Ulisema uvivu, usihame goli. Na cha kuongeza kipo: sikiliza Lady in Satin ya Billie Holiday, 1958. Okestra ya Ray Ellis imelainika kama hariri, sauti yake imekwaruza na kuchakaa, mwaka mmoja kabla hajafa. Maneno yale yale, ila hapo "nakupenda" inatoka kwa mtu aliyeshalipia. Mwimbaji Johnny Hartman na mpiga saksafoni John Coltrane 1963, nyimbo sita tu, nusu saa, basi. Hawakujaza 12.

Kata Santuri
Hartman nakubali. Gaga bado.

Mzee wa Volcano
Mimi bado nasubiri "hata nukta" ifutwe.

Kata Santuri
Haya mzee, nimefuta. Naandika: jazz ilikuwemo kidogo.

Mzee wa Volcano
Kidogo kiasi gani?

Mtoto wa Sinza
Baa mbili.