Mrejesho: jina moja la kikoa likigombewa na wengi

Wakuu, nimerudi. Niliuliza ICANN, shirika linaloratibu majina ya vikoa vya intaneti, humpa nani kikoa cha ngazi ya juu (ile sehemu ya mwisho ya anwani ya tovuti, kama .com) wakiligombea jina wengi, nijiandae na mdahalo wa chuo. Asanteni sana!

Aliyesema nianze na .africa alinibeba: sharti la mwombaji kuungwa mkono na angalau asilimia 60 ya serikali za bara liliwatuliza kabisa wapinzani. Ada ya kuomba kikoa mwaka 2012 nayo, dola 185,000 kwa ombi moja, ukumbi uliguna.

Nilikwama kwenye .web. Niliposema mnada ni njia ya mwisho tu, dada mmoja akanirushia zile dola milioni 135 zilizoshinda mnada wa .web mwaka 2016. Haki gani hiyo, akauliza. Sikuwa na jibu. Tumeshika nafasi ya pili.

Anayejiandaa, ajipange na .web mapema.