Wenye ngozi ya mafuta tukutane hapa: faida zake, mateso yake, tupeane uzoefu

Kobe Mtulivu
Wakuu, habari za muda huu.

Leo nimeenda kupiga picha ya kitambulisho. Mpiga picha kaniweka sawa, kainua kamera, halafu kaishusha. "Kaka, jifute uso kidogo, unanirudishia mwanga." Nikajifuta kwa kiganja. Akapiga, akaangalia, akatikisa kichwa. Mara ya tatu akanipa karatasi laini yeye mwenyewe. Nilipomaliza kujifuta nikaitazama ile karatasi: imekuwa kama kioo cha dirisha, unaona vidole vyako upande wa pili. Foleni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Sasa natoka mlangoni, nakutana na jamaa niliyesoma naye. Umri wetu mmoja, 43. Yeye ngozi yake ni ile kavu, ukipitisha ukucha unabaki mstari mweupe. Akanikagua weee, akasema, "Wewe huzeeki, unakula nini?" Nikamwangalia pembeni mwa macho, mistari imeshapanga foleni.

Njia nzima nikawa nawaza. Haya mafuta nimeyalaani tangu nina miaka 13, kumbe yana kazi? Wenzangu mnaong'aa leteni faida mlizoziona na mnavyojitunza. Wenye ngozi kavu karibuni ila msitusimange.

Tabasamu Pana
Faida ya kwanza ni mfukoni. Chupa ya losheni ambayo dada yangu anaimaliza mwezi mmoja, mimi inakaa mpaka nasahau niliinunua lini. Baridi ikija wenzangu mashavu yanapasuka, mimi nipo kama nimetoka kuoga.

Nusu Kijiko
Nipo hapa na paji langu. Nasoma maoni.

Bi Mdadisi
Kobe, hayo mafuta yanaitwa sebamu. Yanatengenezwa na tezi ndogo zilizojibanza pembeni ya shina la nywele. Zimejaa zaidi usoni, kichwani, kifuani na mgongoni juu. Angalia viganja vyako: huna hata tezi moja ya mafuta pale, wala kwenye nyayo. Bosi wao ni homoni, hasa zile za androjeni (zinazoitwa za kiume, ila wanawake nao wanazo), ndiyo maana ulianza kung'aa miaka 13 na si miaka 6. Wanawake wengi wakikoma hedhi mafuta yanapungua sana, wanaume yanashuka taratibu mno. Kwa hiyo usisubiri yaishe kesho.

Kazi yake ni kuilainisha ngozi na kusaidia unyevu usipotee hovyo. Si uchafu. Na vile vidoti vyeusi puani navyo si uchafu, ni mafuta na seli zilizokufa zilizoziba kitundu, juu yake pamekutana na hewa pakawa peusi. Mnavisugua bure.

Fundi Nati
Kobe usijidanganye kwamba mafuta ndiyo yanakuzuia kuzeeka. Mzee wangu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, uso unang'aa kuliko wako. Leo ukimkalisha ukamtazama upande wa dirishani, mikunjo ni mara mbili ya upande mwingine. Mafuta yalikuwa pande zote mbili. Dirisha lilikuwa upande mmoja.

Kobe Mtulivu
Mkuu umeanza kunivunja moyo mapema hivi?

Bi Mdadisi
Fundi yuko sahihi nusu. Jua ndiyo mchawi mkuu, na sigara inafuata. Lakini ngozi ya mafuta huwa nene kidogo na haikauki kirahisi, kwa hiyo ile mistari midogo midogo mara nyingi inachelewa kuonekana. Faida ipo, ila si ngao. Sebamu haizuii jua. Paka losheni ya kukinga jua, SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 kwenda juu, tafuta ya jeli au ya majimaji ambayo kopo linasema haizibi vitundu vya ngozi.

Fundi Nati
Nusu ipi ambayo siko sahihi?

Bi Mdadisi
Ile uliyoandika kama hakimu.

Nusu Kijiko
🤣🤣 nimekaa paleee

Mzee wa Povu
Mnazunguka sana. Mimi naosha uso mara sita kwa siku, sabuni ya mche, ile ile ya kufulia. Asubuhi, saa nne, mchana, saa kumi, jioni, kulala. Uso unakuwa mkavu hadi unakwaruza. Dakika 40 safi, halafu mafuta yanarudi, naosha tena. Mwaka wa tisa huu.

Tabasamu Pana
Mwaka wa tisa na bado yanarudi. Hujashtuka tu?

Dogo Makini
Ukiosha sana ngozi inalipiza, inatoa mafuta mara mbili. Kila mtu anajua.

Bi Mdadisi
Kila mtu anajua na kila mtu anarudia. Tezi haihesabu umeosha mara ngapi, inasikiliza homoni. Kinachotokea ni kwamba unaondoa tabaka la juu linalolinda, ngozi inawasha, inabanduka, na chini mafuta yanaendelea na ratiba yao. Unaishia na uso mkavu na wa mafuta kwa wakati mmoja, mabaka mabaka. Mzee wa Povu, sabuni hiyo pH yake (kipimo cha uasidi, 7 ni katikati) ni kama 9 au 10, ngozi yako ipo karibu na 5. Unaikosea adabu mara sita kwa siku. Mara mbili zinatosha, kwa sabuni laini ya uso, na ukitoka jasho jingi ongeza moja.

Dogo Makini
Mimi nilipoacha kuosha sana mafuta yalipungua. Nimejionea kwa macho yangu, wewe unaleta pH.

Bi Mdadisi
Uliacha ukiwa na umri gani?

Dogo Makini
22

Bi Mdadisi
Basi huenda homoni za ujana zilikuwa zinatulia.

Dogo Makini
Sawa daktari.

Mama Wawili
Sikupanga kuchangia ila huu uzi umenikumbusha kitu ambacho sikipendi, acha nikitoe.

Mimi nilikuwa na uso wa mafuta na chunusi, si nyingi, za kidevuni na shavuni. Kila moja ikipona inaacha doa jeusi, na doa linakaa kuliko chunusi yenyewe. Mfanyakazi mwenzangu akaniletea krimu kwenye kopo jeupe. Halina jina. Halina tarehe. Kifuniko kimefungwa kwa mpira wa kufungia noti. Akasema anachanganyiwa na mtu anayemwamini.

Siku ya tano nilijitazama kwenye kioo cha lifti nikageuka nyuma kuona nani amesimama. Chunusi zimelala zote. Ngozi nyororo, madoa yamefifia, rangi imepanda kidogo. Watu wakaanza kuniuliza siri. Mimi nami, Mungu anisamehe, nikawagawia wawili.

Nikaipaka miezi minne. Mwezi wa tatu niliona nywele laini zinaota kwenye mashavu na vimishipa vyekundu puani, nikasema ni uchovu. Halafu yule dada akahama kazi, kopo likaisha.

Siku ya nne bila krimu niliamka usiku nikidhani nimelala na uso juu ya pasi. Nikawasha taa. Mashavu yamevimba, yanang'aa lakini si ule mng'ao wetu, ni kama ngozi imevutwa ikashonwa. Kufika mwisho wa wiki vipele vyenye usaha vimejaa kuanzia pua hadi kidevu. Nikinawa maji ya kawaida yananiunguza nalia. Mtoto wangu mdogo, ana miaka mitatu, nilipoinama kumbeba akarudi nyuma. Hakulia. Alirudi nyuma tu akajificha nyuma ya kiti akawa ananichungulia. Hapo ndipo nilivunjika.

Daktari wa ngozi hakuniuliza maswali mengi. Aliniambia, "Kopo unalo?" Nikampa. Akalinusa, akaliweka mezani, akasema kopo lisilo na jina linaloponya kila kitu kwa wiki moja, kitu cha kwanza anachokifikiria ni steroidi kali. Nyingine huwa na haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, nyingine zebaki. Steroidi inazima wekundu na uvimbe haraka, ndiyo maana unaipenda, huku inaikondesha ngozi. Ukiiacha, moto wote uliokuwa umefunikwa unatoka siku moja.

Nilipewa vidonge, nikakatazwa kila kitu isipokuwa sabuni laini na losheni isiyo na manukato. Uso ulikuwa mkavu kama karatasi, ukicheka unapasuka. Ilichukua miezi kumi na moja. Siku moja mchana nimekaa ofisini nikajipangusa pua, nikaona doa la mafuta kwenye karatasi. Nilikwenda chooni nikalia kwa furaha. Mafuta yangu yamerudi!

Kwa hiyo Kobe, faida ya ngozi ya mafuta mimi nimeijua siku nilipoikosa.

Tabasamu Pana
Pole sana dada. Hapo kwa mtoto nimeshindwa kuendelea kusoma nikarudi baadaye.

Nusu Kijiko
Nimeacha kucheka.

Fundi Nati
Na wale wawili uliowagawia?

Mama Wawili
Mmoja aliacha mapema, alipona. Mwingine hatuongei.

Mpita Njia
Hii chai. Krimu gani inaotesha nywele? Ningeshakuwa na ndevu.

Bi Mdadisi
Steroidi ya kupaka muda mrefu inaotesha nywele, ndiyo. Kama hujui kausha.

Mpita Njia
Nimeuliza tu mbona ukali. Basi ataje jina la krimu tuiepuke.

Mama Wawili
Soma tena mstari wa kopo.

Dogo Makini
Dada samahani, na yule aliyekuwa anachanganya alikamatwa? Na mwenzako aliyehama mliwahi kuonana?

Kobe Mtulivu
Jamani, pole sana Mama Wawili, ila uzi ulikuwa wa kusifia mafuta. Turudini.

Mzee wa Povu
Usifie nini, watu wanaunguzwa. Mimi mbali na sabuni napaka dawa ya meno kwenye chunusi. Inakausha usiku mmoja.

Tabasamu Pana
Inakausha na ngozi ya jirani. Niliwahi, nikabaki na doa jeusi la duara wiki sita, kila anayeniona anauliza nimechomwa na nini.

Mpita Njia
Limau je?

Fundi Nati
Limau halafu utoke juani? Utarudi na malengelenge, na yakipona yanaacha weusi. Ila jaribu, utuletee uzoefu.

Msoma Lebo
Nimechelewa, niongeze kidogo yanayonisaidia. Asidi ya salisiliki, asilimia 0.5 hadi 2, kwenye sabuni ya uso. Inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo inaingia ndani ya kitundu inasafisha, zingine zinabaki juu juu. Chunusi zenye usaha, benzoili peroksaidi. Ya asilimia 2.5 inatosha, ya 10 inaunguza zaidi na haizidi sana kwa kazi. USITUMIE TAULO LA RANGI. Inachujisha kitambaa. Mito, fulana, kola, yote.

Adapalini, dawa ya chunusi ya kupaka ya familia ya vitamini A, usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima. Wiki za mwanzo uso unachafuka kabla ya kutulia, watu wengi wanakata tamaa hapo hapo. Mjamzito au anayepanga kubeba mimba asiguse dawa za familia hiyo bila daktari, hasa vidonge vya isotretinoini. Vile vinasinyaza tezi zenyewe za mafuta lakini vinamharibu mtoto tumboni, hakuna mzaha.

Tabasamu Pana
Na losheni bado tunapaka? Mimi nilijua mafuta yangu yanatosha.

Msoma Lebo
Nyepesi, ya jeli. Hasa ukitumia hizo dawa. Mafuta na maji ni vitu viwili tofauti, ngozi inaweza kujaa kimoja ikakosa kingine.

Dogo Makini
Mimi sipaki chochote na nipo vizuri.

Bi Mdadisi
Tumeona picha yako ya wasifu.

Dogo Makini
Ni ya zamani!

Nusu Kijiko
Mchana mafuta yakizidi mnafanyaje? Kujifuta kwa shati nimechoka, kola zote zina ramani.

Tabasamu Pana
Karatasi laini, bandika hesabu tano, bandua. Usisugue. Na poda usiongeze juu ya mafuta, inagandamana kama udongo.

Mama Wawili
Dogo Makini, hapana, mchanganyaji hakukamatwa, na yule mwenzangu nilionana naye mwaka jana sokoni. Alijifunika mtandio hadi machoni. Nilimpa namba ya daktari, tukaagana.

Mzee wa Povu
Nimesoma yote. Leo nimeosha mara nne.

Bi Mdadisi
Tunakupongeza mzee.

Kobe Mtulivu
Wakuu mrejesho. Jana nilinunua ile benzoili peroksaidi ya 2.5, nikapaka usiku kidogo tu, nikalala. Sikuwa nimesoma sehemu ya herufi kubwa. Asubuhi mke wangu ameninyooshea foronya yake ya bluu, ile ya seti, na katikati kuna shavu langu limepigwa chapa, rangi ya chungwa, hadi sikio linaonekana.

Anauliza ni dawa gani ya uso inayokula kitambaa. Nimjibu nini?

Nusu Kijiko
Mwambie hiyo picha angalau hairudishi mwanga.