Mgombea alindwe na nani?

Juzi hapa Lubumbashi, mtaa wa Kamalondo, karibu na uwanja wa Mazembe, tulibishana mpaka chai ikapoa. Mmoja wetu anataka sheria: kila mgombea urais apewe polisi wa serikali, hata akiwa mpinzani. Mfano wake ni Marekani, ambako wagombea wakubwa wanalindwa na serikali tangu 1968, Robert Kennedy alipouawa katikati ya kampeni.

Mimi nakataa. Tarehe 13 Julai 2024, kule Butler, Pennsylvania, Donald Trump alikuwa na walinzi hao hao, na bado kijana akapanda paa na bunduki. Risasi ikamchuna sikio. Mtu aliyekuja kusikiliza hotuba tu akafa. Siku kumi baadaye mkuu wa walinzi akajiuzulu. Kwetu angejiuzulu nani?

Halafu tazameni Januari yetu. Tarehe 16 tunapumzika kwa ajili ya Mzee Kabila, rais aliyepigwa risasi 2001 na mlinzi wake mwenyewe, kadogo, yaani askari aliyeingizwa vitani akiwa mtoto. Tarehe 17 ni Lumumba, aliyeletwa hapa hapa mjini 1961 akiwa amefungwa kamba, mikononi mwa askari, akauawa usiku ule ule. Watu wenye bunduki hawakukosekana karibu nao. Leo nimwambie mpinzani akaribishe polisi mlangoni, wajue nani anamtembelea na saa ngapi?

— Kaka, umeruka Mei 2024. Waliovamia nyumba ya mwanasiasa Vital Kamerhe Kinshasa walikuta polisi, na wawili kati ya polisi hao walikufa wakimlinda. Bila wao labda tungekuwa na siku ya tatu ya kupumzika.

— Dada, Kamerhe alikuwa mtu wa serikali. Chérubin Okende, waziri wa zamani aliyehamia upinzani, alikutwa amekufa ndani ya gari lake Kinshasa tarehe 13 Julai 2023. Mwaka mmoja kamili kabla ya Butler! Mwendesha mashtaka akasema alijiua. Chama chake kikakataa.

— Basi mgombea achague mwenyewe polisi anaowaamini, jina kwa jina, na serikali ilipe mshahara tu. Hapo shida iko wapi?

— Shida ni kwamba mshahara wa polisi tunaujua unavyochelewa. Mwenye kumpa cha kula ndiye atakayemtii. Na bunduki zitatoka ghala la nani?