Usaili wa serikali Dodoma au wa kampuni Dar, siku moja: mngeenda wapi?

kalamu_ya_wino
Wakuu, habari za jioni. Huu mwaka wa tatu nipo mtaani na digrii yangu ya uhasibu, halafu riziki zimekuja mbili kwa mpigo. Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, nimeitwa usaili wa mchujo, Afisa Hesabu Daraja la II, Dodoma, Jumamosi saa 1 asubuhi. Jumamosi hiyohiyo saa 4 kampuni ya mikopo Mikocheni wananitaka kwa mahojiano ya pili, yale ya kwanza yalikuwa ya simu. Serikalini nafasi ni 12, majina kwenye PDF nimehesabu hadi 600 nikachoka. Mikocheni tumebaki watatu. Mfukoni nina elfu tisini. Mngekuwa nyie?

Binti Makorora
Mikocheni, hata sijiulizi. Mmoja kati ya watatu, huku 12 kati ya 600 na ushee. Tena huo ni mchujo tu, ukipenya kuna mahojiano ya ana kwa ana, na tangazo limeshakwambia kila msailiwa ajigharamie chakula, usafiri na malazi.

Mzee wa Kitonga
Binti, umehesabu nusu. Kwanza hao 600 hawatokei wote. Pili, anayefaulu mahojiano akakosa nafasi anaingia kanzidata, orodha ya akiba, nafasi ikijitokeza anapangiwa kituo. Mimi niliitwa kazini nimeshasahau kama niliwahi kufanya usaili, nipo Mbezi nachoma mahindi. Jirani ndiye aliyeliona jina langu.
Kijana, hao wa Mikocheni wametaja kiasi gani?

kalamu_ya_wino
Laki saba na kamisheni, mzee.

Mzee wa Kitonga
Laki saba kabla ya makato au mkononi? Hapo ndipo vijana mnapigwa. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa kawaida inaondoka na 10%, kuna PAYE, kodi ya mshahara, na kama ulisoma kwa mkopo wa bodi, 15% ya mshahara inakwenda HESLB, ndiyo hiyo bodi. Serikalini bodi nayo inakata vilevile, ila PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, wewe unachangia 5%, mwajiri 15%.

mama_wawili
Mdogo wangu, mimi nimekuwa afisa mikopo miaka minne, niachie hiyo kamisheni niieleze. Kamisheni inakuja wateja wakilipa. Wasipolipa, saa 11 alfajiri upo kwa mama ntilie unamsubiri kabla hajainjika chai, kwa sababu akishafungua atakwambia hela kashanunulia unga. Nauli yako, vocha yako. Mwezi mbaya ile laki saba unaiona kwenye mkataba tu.
Sisemi usiende. Nenda, ila wakikuuliza "una swali?" usiseme huna. Uliza usafiri analipa nani, malengo ya mwezi ni shilingi ngapi, na kipindi cha majaribio ni muda gani. Ukiwa chini ya miezi sita kazini, dai la kuachishwa isivyo haki huwezi kulipeleka CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi.

Mjukuu wa Chifu
Mimi sijaitwa kokote. Ukishachagua, ile nyingine nipe.

shemeji_wa_Ngongona
Kama utakuja Dodoma, kagua karatasi leo. Vyeti halisi: cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita, cha chuo. Karatasi za matokeo hazipokelewi. Kitambulisho cha NIDA. Halafu soma jina herufi kwa herufi. Mwaka juzi nilikwenda usaili wa taasisi fulani, NIDA yangu imeandikwa Rehema, cheti cha kidato cha nne Rehma. Hati ya kiapo kwamba majina yote ni yangu sina. Nimelala ndani ya basi usiku kucha, nimepanga foleni saa mbili nzima, mezani sikumaliza dakika. Tangazo lilisema, mimi ndiye sikusoma.

Binti Makorora
Subirini kwanza. Dodoma hawasogezi tarehe kwa ajili ya mtu mmoja. Mikocheni wapo watu watatu, wanaweza. Piga simu kesho asubuhi uombe siku nyingine. Wakikataa, hapo ndipo uumize kichwa.

mama_wawili
Na usiwadanganye kwamba unaumwa. Sema una safari ya Dodoma, basi.

Mzee wa Kitonga
Binti kanishinda, nakubali. Kijana, usiku usome IPSAS, viwango vya uhasibu wa sekta ya umma, ujue MUSE, mfumo wa malipo ya serikali, inafanya kazi gani, na kwamba kwenye ununuzi wa umma mfumo wa NeST umechukua nafasi ya TANePS. Wengi wanakariri leja za chuoni, maswali yakigeukia fedha za umma wanabaki kutazama dari.

kalamu_ya_wino
Mrejesho, wakuu. Nimepiga saa 3. Dada wa HR kanyamaza, mimi jasho linanitoka, halafu kauliza, "Dodoma ya Utumishi, usaili wa serikali?" Nikashindwa kukana. Akacheka, kumbe na yeye alishawahi kwenda. Kanipangia Jumanne saa 5. Ijumaa nachukua SGR, elfu 31, kurudi nitapanda basi. Vyeti nimevikagua, majina yanafanana hadi nukta. Shemeji, pa kulala karibu na chuo, pale usaili unapofanyika, ni wapi kwa mtu wa hali yangu?

shemeji_wa_Ngongona
Njoo hukuhuku Ng'ong'ona, gesti za bei ya wanafunzi zipo. Ila piga simu leo, wiki ya usaili vyumba vinaisha mapema. Na uje na sweta, wewe mtu wa Dar.