Nosi ama turbo kubwa? Nataka tu nguvu ya kupita

KasiAthi: Wasee, salama? Mwezi ujao club yetu iko na siku ya mbio na kila nikimkaribia wa mbele kwa ile sehemu imenyooka nakosa tu nguvu kidogo ya kumpita. Fundi mmoja ananiuzia nosi (gesi ya nitrous ya kuongeza nguvu ya injini) ya farasi 50, mwingine anasema turbo kubwa. Bajeti iko. Mngechukua gani?

FundiWaGrogan: Gari gani? Iko na turbo tayari? Manual ama auto?

MamaRally: Na sheria za club zinakubali nosi? Ni chupa ya gesi yenye presha, lazima ifungwe vizuri.

KasiAthi: Pole. Subaru Impreza, injini ni EJ20 ya turbo, manual. Sheria bado sijasoma.

DamuYaSubaru: Nosi bana. Nairobi tuko kama mita 1,700 juu, hewa nyepesi, na nosi inakuja na oksijeni yake, tena inapoza hewa inayoingia. Turbo kubwa inachelewa kujaa, unatoka kona ukingoja na jamaa ashaenda.

FundiWaGrogan: Kuna kijana aliniletea gari ikivutwa na kamba. Walikuwa wamemwekea gesi bila kuongeza petroli, kompyuta ya gari haijaguswa, sasa oksijeni nyingi petroli kidogo, moto unakuwa mkali kupita kiasi. Alibonyeza mara tatu tu, ya tatu injini ikaanza kugonga. Kufungua hedi nikapata pistoni iko na shimo kidole kinapita. Alikuwa ameuza pikipiki yake anunue hiyo seti, mpaka leo naikumbuka sura yake. Ukiweka, petroli iongezwe pamoja na gesi, na injini ituniwe kwa daino, ile mashine ya kupima nguvu ya gari.

DamuYaSubaru: Hiyo ni kosa la fundi, si la nosi. Mbio za Formula 1 za Spa, Ubelgiji, 2009, Räikkönen alimpita Fisichella na KERS, ile ya kuweka nguvu ya breki na kuirudisha ukibonyeza kitufe, farasi 80 kwa sekunde 6 na kitu kila mzunguko, na Fisichella alikuwa na gari ya kasi lakini hakumpata tena. Nguvu kidogo kwa wakati wake inatosha.

Bawa_44: Kama DRS ya Formula 1 tu.

MamaRally: Hapana, DRS ni bawa la nyuma linafunguka upepo usikuvute, injini haiongezewi chochote. Linganisha na IndyCar, zile mbio za Marekani, dereva anapewa kitufe na sekunde zake, zikiisha zimeisha. Ama zile gari za Rally1 za mbio za dunia za rally (WRC), zilikuwa hybrid, petroli na umeme, 2022 hadi 2024, kilowati 100 zaidi, nilizisikia Naivasha zikitoka kona nikatetemeka.

Bawa_44: Mbona walitoa hybrid?

MamaRally: Uzito na gharama. Mimi nilizipenda sana.

KasiAthi: Sawa, lakini EJ20 yangu na pistoni za kiwanda itabeba farasi 50?

Bawa_44: Mama, ulisimama wapi Naivasha? Mwaka huu nataka kwenda na watoto.