Mdogo wangu anaiga mastaa wa muvi, nyinyi kwenu mnafanyaje?

dada_wa_Barani (Malindi)
Habari zenu wapendwa. Nina mdogo wangu wa kiume yuko form two, kijana mzuri, alikuwa anakuna nazi na kuosha vyombo bila kuambiwa. Tangu aanze kukaa na wenzake kuangalia Animal, ile ya Ranbir Kapoor ya 2023, amebadilika kabisa, akishakula sahani anaiacha hapo hapo, nikimwambia aondoe ananijibu hiyo kazi ya wanawake, na juzi kamjibu mama kwa sauti ambayo hata marehemu baba hakuwahi kuitoa nyumbani. Pale jamaa anapomwambia mwanamke alambe kiatu chake ndio ajue anampenda, wao wanacheka wanarudia tena kwa simu. Inaniuma sana. Simu nikimnyang'anya ataenda kuangalia kwa wenzake. Mngemwambia nini?

mzee_wa_Mkunguni (Lamu)
Pole mwanangu. Sisi muvi za Kihindi tumekua nazo hapa Lamu na mtu wa hasira si mgeni humo, Amitabh Bachchan amekuwa hivyo toka Zanjeer ya 1973. Lakini mtazame kwenye Deewaar, 1975. Ni jambazi, godauni zima anawapiga peke yake, ila hasira yake ina asili, babake alikuwa kiongozi wa wafanyakazi akavunjiwa heshima, na yeye angali mtoto akachorwa mkononi kwamba baba yake mwizi. Na pamoja na ubabe wote ule mbele ya mamake anakuwa mpole, mwisho anakata roho kwenye mapaja ya mamake hekaluni. Huyu wa Animal ni tajiri wa kutupwa na hasira anamshushia mkewe. Javed Akhtar, aliyeiandika Deewaar pamoja na Salim Khan, alisema hadharani kwamba muvi yenye mambo ya kulambisha kiatu ikipendwa kiasi kile ni hatari. Yeye aliyemtunga yule kijana wa hasira ameshtuka, sembuse sisi wazazi.

kaka_Faza
Mzee umenena. Na Rambo je, yule askari wa muvi za Kimarekani? Vijana wanajua bunduki na kitambaa cha kichwani tu, ile ya kwanza ya 1982 inaisha Rambo akilia kwa sauti mikononi mwa kamanda wake wa zamani, anaeleza rafiki yake alivyokufa Vietnam. Ya pili 1985 wakazidisha maiti. Mimi ni mvuvi, nimeona wanaume wazima wakilia ufuoni mwenzao asipoonekana na wiki hiyo hiyo wakarudi majini, sijasikia mtu akiwaita si wanaume.

Umm_Zahra (Shela, Lamu)
Nyote mmesema ya wanaume, lakini mwanamke naye kijana anajifunza humo humo ni mtu wa namna gani. Mwanamke wa Pwani kwenye hizi series za TV ni jini, au mke mwenza, au analia dirishani basi. Dadangu hapo Malindi mna bustani ya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewainua Wagiriama dhidi ya Waingereza 1913, akizunguka na ngoma ya kifudu, wakamkamata wakampeleka mbali mpaka Kisii akatoroka akarudi. Mpeleke hapo umhadithie. Na hapa Lamu desturi yetu nyumba ya mawe hupewa binti, mume ndiye anakuja kukaa kwa mkewe, na bado ni mwanamume na heshima yake kamili.

Halafu nimeona umesema marehemu baba. Animal toka mwanzo ni kijana anamlilia babake asiyekuwa na wakati naye. Wenzake wanaangalia bunduki, yeye huenda anaangalia hilo.

dada_wa_Barani (Malindi)
Umm Zahra hapo umenigusa, hilo sikuliwaza. Tangu mazishi hatujakaa naye tukamzungumzia baba, sisi wanawake tulilia pamoja yeye wakamwambia jikaze wewe sasa ndio mwanamume wa nyumba. Tena waliomwambia ni watu wazima. Mjomba wetu yuko Maweni, nitamwomba amchukue Ijumaa baada ya Isha waende wawili tu, azungumze naye kuhusu baba. Vyombo ataosha, hilo siliachi. Mzee, Deewaar nitaipata wapi yenye maandishi chini? Mama hajui Kihindi na nataka tuiangalie sote.

mzee_wa_Mkunguni (Lamu)
Ninayo kwenye flashi, maandishi ya Kiingereza, wewe utamtafsiria mama. Nitampa kijana anayekuja Malindi na basi la kesho asubuhi, niandikie inbox.